Tupeane uzoefu: michezo ya chemsha bongo iliyoamuliwa na swali la mwisho

Mleta mada:

Wanajamvi, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaofuatilia kwa dhati mashindano ya chemsha bongo ya televisheni. Naomba kila mmoja asimulie mchezo uliokuwa na ushindani mkali kuliko yote aliyowahi kuitazama au kushiriki, na aeleze kwa maoni yake ni kitu gani hasa kilichompa mshindi ushindi.

Mimi naanza na kipindi cha Jeopardy! cha Marekani kilichorushwa tarehe 29 Aprili 2019. Bingwa mtetezi alikuwa James Holzhauer, ambaye tarehe 17 ya mwezi huo huo alikuwa amejikusanyia dola 131,127 katika mchezo mmoja na kuweka rekodi. Kwa kawaida aliwaacha wapinzani wake mbali kiasi kwamba swali la mwisho lilibaki kuwa la kukamilisha ratiba. Safari hii mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu alilifikia swali hilo akiwa na dola 33,517 huku anayemfuatia akiwa na 27,000, na kila anayeujua mchezo huu anafahamu hatari ya hali hiyo: aliye wa pili akiwa amevuka nusu ya alama za kiongozi, akiweka dau lote (dau ni kiasi cha alama zake ambacho mshiriki huongezewa akipatia na hukatwa akikosa) na kupatia, anaweza kumpita.

Mimi hutazama nikiwa na kalamu na karatasi, na wakati wa matangazo nilipiga hesabu. Mpinzani akizidisha alama zake mara mbili atafika 54,000, kwa hiyo kiongozi anahitaji dau la angalau 20,484 ili ampite kwa dola moja. Holzhauer aliweka 20,500. Mpinzani naye aliweka 26,999, akabakiza dola moja tu. Wote wawili walipatia jibu, na matokeo yakawa 54,017 kwa 53,999. Tofauti ya dola 18, katika mchezo ambao swali la bei ya chini kabisa ni dola 200! Kwa maoni yangu pengo hilo lilitokana na hesabu iliyofanywa kimya kimya wakati wa mapumziko, kwa kuwa kwa upande wa kulijua jibu walikuwa sawa kabisa.

Mchangiaji wa kwanza:

Asante sana mleta mada kwa uzi huu. Hesabu ina nafasi yake, lakini mimi nimeshuhudia subira ikitwaa kombe. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa katika timu ya shule yetu iliyofika fainali ya shindano la televisheni, na raundi zote zilipokwisha alama zikawa sawa. Mwendeshaji akatangaza kwamba litasomwa swali moja la ziada. Kanuni zetu ziliruhusu kubonyeza kitufe kabla swali halijamalizika, ila aliyebonyeza alipaswa kujibu papo hapo, na akikosa, wapinzani wake husomewa swali lote.

Msomaji akaanza: "Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani..." Nilihisi mkono wangu ukitaka kuruka, kwa maana Baikal tulilijua sote. Nahodha wetu, ambaye kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe, hakubonyeza. Macho yake yalikuwa kwenye midomo ya msomaji, na aliona kwamba sentensi bado inaendelea. Upande wa pili taa ikawaka, wakasema "Baikal", wakaambiwa wamekosa. Ndipo tukasomewa swali lote: "Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani ni Baikal, je, ni lipi linalolifuata?" Nahodha akajibu "Tanganyika" kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba yuko darasani. Wapinzani wetu walikuwa wazuri mno, na ninaamini jibu hilo walikuwa nalo.

Naongeza kwamba katika Jeopardy! jambo hilo haliwezi kutokea, kwani kitufe hakifanyi kazi mpaka swali limalizike kusomwa na taa ziwake, na anayewahi kabla ya hapo hufungiwa kwa robo ya sekunde. Muda huo unaonekana mdogo, lakini mbele ya wapinzani wawili walio tayari unatosha kabisa kukunyima swali.

Mchangiaji wa pili:

Naungana na mleta mada kuhusu hesabu. Mchezo ambao sitausahau ni ule wa Jeopardy! wa tarehe 30 Novemba 2004, uliomwondoa bingwa Ken Jennings baada ya kushinda michezo 74 mfululizo. Niliutazama baadaye sana, nikiwa najua matokeo, na bado nilishikwa na wasiwasi. Kabla ya swali la mwisho Jennings alikuwa na dola 14,400 na mpinzani wake alikuwa na 10,000. Mwanamke yule aliweka dau la 4,401, yaani kiasi kamili cha kumvuka bingwa kwa dola moja endapo bingwa angebaki pale alipokuwa. Swali lilihusu kampuni ambayo wengi wa wafanyakazi wake wa msimu, wapatao 70,000, hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Jennings aliandika FedEx, mpinzani akaandika H&R Block, ambayo huwaandalia watu hesabu za kodi, na hilo ndilo lililokuwa jibu. Mama yule alikaa mbele ya mtu aliyekuwa ameshinda kwa miezi kadhaa na hakutetereka.

Mchangiaji wa tatu:

Mnaosema hesabu ni kila kitu mnasemaje kuhusu sare ya Jeopardy! ya tarehe 16 Machi 2007? Kiongozi alikuwa na 13,400, na wengine wawili walikuwa na 8,000 kila mmoja. Angeweza kuweka 2,601 akawa salama, lakini kwa makusudi aliweka 2,600. Wote watatu walipatia na wote wakamaliza na dola 16,000. Kanuni za wakati huo ziliruhusu waliofungana wote kuchukua fedha zao na kurudi kwenye mchezo unaofuata. Mimi naona alitenda jambo la kiungwana, na nasikitika kwamba siku hizi sare huamuliwa kwa swali moja la ziada.

Mleta mada:

Ndugu yangu, kuhusu sare hatutakubaliana, kwa sababu mimi napenda mchezo upate mshindi mmoja. Hata hivyo nakiri kuwa ile dola moja aliyoiacha ilihitaji moyo mkubwa. Naomba sasa tumsikie aliyewahi kuona mshiriki wa tatu akishinda kwa kuweka dau dogo, baada ya wawili waliokuwa juu yake kukosa wote. Aeleze alama zilivyokuwa kabla ya swali la mwisho, ili tuzipigie hesabu pamoja.