Naomba ushauri: kunasa data isiyopewa thamani kwenye COBOL ya z/OS

Wakuu, heshima kwenu. Natunza programu za COBOL za mahesabu ya usiku kwenye meinfremu ya IBM (mfumo endeshi z/OS), na kuna kosa limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Programu moja ndogo ina kaunta ya PIC S9(9) COMP (namba kamili ya binari) kwenye LOCAL-STORAGE (hifadhi inayotengwa upya kila mwito), haina VALUE (thamani ya kuanzia) wala haiguswi na INITIALIZE (amri ya kuipa thamani). Kwenye majaribio inaanza na sifuri kila mara, tunapitisha. Ikifika kwenye kazi halisi inaokota mabaki ya mwito uliotangulia, jumla inatoka kombo na hakuna anayeshtuka. Ingekuwa COMP-3 (desimali iliyofungashwa) yenye 40404040 ndani, yaani nafasi tupu, S0C7 (kosa la data mbovu linalosimamisha programu) ingepiga kelele na dampu (nakala ya kumbukumbu) ningeisoma. Hii ya kimya ndiyo inaniogopesha, maana ni hela za watu.

Nimeweka STORAGE(FE,DE,FE), chaguo linalojaza kumbukumbu mpya kwa baiti FE, upande wa majaribio, na kaunta ikatokea -16843010, yaani FEFEFEFE yenyewe. Hapo nikaamini macho yangu! Lakini hiyo inanasa njia tulizozijaribu tu. Nimewasha pia INITCHECK kwenye kompaila (chaguo linaloonya data ikitumika kabla ya kupewa thamani), onyo zikamiminika hadi sijui nianzie wapi.

Mliopitia haya, onyo za INITCHECK mnazichujaje? Na data inayopitishwa kwa CALL kati ya programu mnaikagua kwa zana gani? Valgrind (zana ya kunasa makosa ya kumbukumbu) naijua kwenye Linux ya meinfremu (s390x), ila sisi tuko z/OS. Hata zana ya kulipia nitajieni, nitaipeleka kwa bosi.