Tupeane uzoefu: chombo mwakipandisha lini kabla ya kusi?

Mwenye Mashua

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Idi imepita, Pasaka mwaka huu wa 2026 ni Aprili 5, na kaskazi, upepo wetu wa miezi ya joto, imeanza kulegea. Nyuma yake yaja kusi, ule upepo mkali uvumao hadi Septemba. Kila mwaka wakati huu silali sawasawa kwa swali moja: chombo nikipandishe nchi kavu lini? Nikiwahi, pesa za wageni wa bara zaenda kwa jirani. Nikichelewa, ndiyo hayo ya mwaka jana.

Mwaka jana Pasaka ilianguka Aprili 20. Mwezi ulikuwa umepevuka wiki moja kabla, bamvua la kupendeza, maji yajaa juu kuliko siku zote, na vijana wako tayari kunivutia. Nikasema la, nina safari tatu za Pasaka zishalipiwa nusu. Nikazifanya, alhamdulillahi. Lakini siku hizo maji yalikuwa mafu, hayafiki hata nusu ya mteremko, na mashua ya mbao ya futi 28 huiburuti mchangani pakavu. Ikabidi ningoje bamvua la mwezi mwandamo. Nikaiacha nangani mbele ya Bamburi, Mombasa, ndani ya mwamba wa matumbawe, najipa moyo kwamba mwamba utaikinga.

Usiku wa Ijumaa upepo ukageuka. Mwamba hukinga maji yakipwa. Yakijaa, mawimbi hupita juu yake kama hapana kitu. Kamba ya nanga ikasagika pale omoni, mbele ya chombo, kidogo kidogo usiku kucha, nami nimelala zangu Kisauni. Asubuhi nikaikuta imelala ubavu kwenye mawe, mbao tatu zimefunguka, pamba ya kalafati, ile izibayo baina ya mbao, yaning'inia nje kama utumbo wa samaki. Fundi alinikalia miezi miwili. Zile safari tatu hazikulipa hata misumari.

Basi nyinyi wenzangu huamua kwa nini? Kwa kalenda, kwa upepo, au kwa mfuko?

Kijana wa Makupa

Pole sana kakangu. Lakini wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Kilikuwa kimeandikiwa.

Nahodha Mstaafu

Hiyo methali wenye kamba mbovu waipenda sana.

Mwanangu, tarehe ni mambo ya ofisini. Marehemu babangu alikuwa na dau pale Bandari ya Kale. Akitoka msikitini alfajiri husimama kwanza, kimya, ausikilize umande. Umande ni kile kipepo chembamba kitokacho bara, ndicho kiwatoacho wavuvi asubuhi. Ukikosekana siku tatu mfululizo, na joto limekaa shingoni kutwa, yeye hutuma mtoto akamwite fundi wa kalafati. Haulizi mtu mwingine. Sisi watoto twamwona ameingiwa na uzee, maana bahari siku hizo imelala kama mafuta kwenye sahani, na kila mtu pwani asema bado, bado. Siku hizo za tanga mbili ndizo ziwaponzazo watu. Upepo hauna upande, leo huku kesho kule, halafu siku moja waamka umeshachagua.

Wenye majahazi ya Arabuni na ya Kihindi hesabu yao ilikuwa kinyume. Wao walikuja na kaskazi, na kusi ndiyo waliyoingoja iwarudishe kwao. Lakini hata wao waliitaka ikiwa changa, ya mwezi wa nne. Aliyekosa kuondoka akaikuta imeshapevuka, Juni na Julai, alikaa Mombasa kula akiba yake hadi kusi ipungue. Ukiona jahazi kubwa laiheshimu kusi hivyo, wewe na futi zako 28 ujijue.

Mama Boti

Mimi sina umande, nina boti mbili za faiba za kupeleka wageni kwenye matumbawe, na mwenye kunifungia msimu ni Pasaka. Jumatatu ya Pasaka ikipita, Jumanne boti ziko juu. Ubaya wake ni kwamba Pasaka haikai mahali pamoja. 2024 ilikuwa Machi 31, kwa hivyo nilifunga mwanzo wa Aprili. Wenzangu walinicheka, bahari ilikuwa shwari wiki mbili nzima na wageni wa likizo ya shule wapo. Niliumia, sikatai. Nikawa natoka kila asubuhi nahesabu boti za wenzangu zikienda zimejaa.

Mwanzoni mwa Mei ndipo watu wa hali ya hewa wakatangaza kimbunga Hidaya. Kilipigia Tanzania, upande wa Mafia, lakini huku nako tuliambiwa tusitie mguu baharini. Wale walionicheka walikuwa wakivuta boti usiku kwa tochi. Sisemi nilikuwa na akili, ni Pasaka tu iliwahi.

Na hizi boti za faiba zisiwadanganye. Watu huziona nyepesi wakasema tutazivuta siku yoyote. Wepesi huo ndio upepo unaoupenda. Tena ukiiacha nje na kizibo cha chini umekifunga, mvua ya masika ya usiku mmoja yaijaza pomoni.

Kidau cha Tudor

Sisi wa vidau vidogo hatufungi. Twahamia ndani ya hori, bahari iingiapo nchi kavu. Nje ya mwamba basi, lakini Tudor na Mikindani kusi yafika imechoka, na mvua zikinyesha mimi hupata kamba wa kuliwa mikokoni kuliko miezi ya jua. Mwenye mashine kubwa na mkopo ndiye mwenye msimu. Mimi nina watoto wanne, hao hawana msimu.

Fundi Mashine

Nyote mwazungumza mbao na faiba. Mashine je? Kila Agosti naletewa mashine zilizolala tangu Aprili na petroli ndani, kabureta imeganda kama uji wa jana. Kabla ya kuibandua, iwashe kwenye pipa la maji matamu hadi chumvi itoke, kisha ukate petroli uiache ijizime yenyewe. Fungua oili ya gia ya chini uitazame: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, ilete sasa hivi. Ikikaa hivyo miezi minne sitaki kuulizwa bei.

Mpwani Diani

Na nyangumi mwawasahau? Wapita pwani yetu kuanzia Julai, na wageni wa kuwatazama wapo. Kwa nini ufunge hadi Septemba?

Nahodha Mstaafu

Nyangumi ana tani thelathini, ndugu yangu. Yeye na kusi wanaelewana.

Mama Boti

😂 Nilijaribu mwaka mmoja. Wageni wanane, na wote walitapika kabla hatujatoka mlango wa mwamba. Mimi nilikuwa wa tisa.

Mwenye Mashua

Shukran nyote. Nimepiga hesabu. Mwaka huu mwezi wapevuka Alhamisi, Aprili 2, kwa hivyo bamvua lenyewe ni Ijumaa na Jumamosi, wageni nao wataka siku hizo hizo. Nimefikiria niwachukue hadi Jumapili, kisha nivute Jumatatu.

Nahodha Mstaafu

Jumatatu maji yameshaanza kuchoka. Bamvua za miezi hii ndizo ndefu za mwaka mzima, utakalolikosa sasa halirudi na urefu huo hadi karibu na vuli. Vuta Jumamosi.

Mwenye Mashua

Na wageni wa Jumapili, ami? Washaleta nusu.

Nahodha Mstaafu

Mwaka jana pia walileta nusu.

Mama Boti

Nitumie mimi hao wa Jumapili. Boti zangu zipo hadi Jumatatu, tutagawana.

Mwenye Mashua

Haya, yameisha. Ijumaa Kuu ndiyo safari ya mwisho, na usiku naileta upande wa Shanzu, mdomoni mwa hori ya Mtwapa. Jumamosi maji yajaa baina ya saa kumi na kumi na moja alasiri, kwa hivyo aliye karibu awe pale saa tisa. Vigogo vya kuipitisha juu ninavyo, kamba mpya ninayo, watu nina sita na mashua yataka kumi na wawili. Chai na mahamri ni juu yangu. Kijana wa Makupa, wewe pia njoo, uione hiyo kamba.