Naomba ushauri: minazi miwili na mwembe imekauka uani

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Kisauni, Mombasa. Minazi yetu miwili iliuliwa na chonga, wale mbawakavu wenye pembe wanaotoboa kilele cha mnazi. Kilele kilichoanguka kina matundu ya kuingia kidole, na ndani mmejaa nyuzi zilizotafunwa. Mmoja umebaki gogo tupu, umeinamia mabati ya jirani, na kusi ikivuma usiku silali. Watoto huchezea papo hapo chini.

Fundi wa kwanza alitaka kuukwea. Nilimkataza, maana mnazi mkavu huweza kuoza ndani na nje ukaonekana mzima. Mwingine anasema atafunga jukwaa la vyuma pembeni, akate vipande vifupi kwa msumeno wa injini na kuvishusha kwa kamba. Kuna aliyefanya hivyo? Alilipa kwa mti au kwa siku? Na kibali cha kaunti huombwa vipi?

Magogo siwezi kuyaacha yaoze, chonga watazaliana humo na kuhamia minazi ya majirani. Mbao ngumu ya mnazi iko upande wa nje, nataka boriti za banda la kuku.

Mwembe ndio unaoniuma. Aliupanda marehemu nyanya, na sitaki uishie makaa. Wachongaji wa vinyago wa Changamwe hutumia mwembe, lakini je, hununua uliokwisha kukauka? Mimi ningependa meza moja ya kulia ibaki nyumbani. Mbao zake huliwa na wadudu upesi. Mmezikinga kwa dawa gani? Oili chafu ya magari siitaki kwenye meza ya chakula.