MREJESHO: Vidonge vya kupunguza mwili na mimba changa

Wapendwa, ni yule niliyeuliza kama vidonge vya kupunguza mwili nilivyomeza wiki tatu bila kujua nina mimba vitamdhuru mtoto. Niliviacha siku ileile, nikaenda kliniki na kopo lenyewe. Daktari akaligeuza, akasoma: kafeini, majani ya chai ya kijani, halafu "mchanganyiko maalumu" usio na vipimo. Hapo akakunja uso. Vidonge vya namna hii vimewahi kukutwa na sibutramini iliyofichwa, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010. Hakuniahidi kitu, wala hakunitisha. Kanianzishia asidi ya foliki, vitamini ya kusaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, mikrogramu 400 kwa siku (ningeianza kabla ya kushika mimba, kumbe!). Jana nimepiga ultrasaundi: moyo unadunda. Nililia hadi mpimaji akanipa tishu.