Je, vijisanamu vilivyopakwa rangi vinaongeza nini ambacho vipande vya kadibodi havina?

Mpangaji

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Huu ni mwezi wa nne tangu mimi na rafiki yangu tuanze kucheza michezo ya vita ya mezani, na mpaka sasa hatuna hata kijisanamu kimoja cha askari. Tunatumia vipande vya kadibodi vyenye upana wa sentimita 4, tulivyovikata kwa mkasi na kuviandika juu kwa kalamu: wenye mikuki, wapiga mishale, wapanda farasi. Vilima ni vitabu vilivyofunikwa kwa kitambaa cha kijani, na mto ni utepe wa buluu. Kanuni tunazozifuata ni za De Bellis Antiquitatis, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1990, nazo humpa kila mchezaji vikosi 12 tu, hivyo pambano huweza kwisha ndani ya saa moja na meza ya kawaida hutosha.

Mchezo umetunasa kwelikweli. Kila zamu unarusha dadu moja, na namba inayotokea ndiyo idadi ya amri unazoweza kutoa. Ukipata 1 ilhali pembe zote mbili za jeshi lako zimebanwa, huna budi kuchagua upande utakaouokoa na upande utakaouacha upambane peke yake, na uchungu wa uamuzi huo hauhitaji rangi wala brashi ili uuhisi.

Sasa mwenzangu anataka tusimamishe mchezo mpaka tupate vijisanamu na tuvipake rangi vyote, kwa hoja kwamba tunayoyafanya sasa ni mazoezi tu. Mimi nimemjibu kwamba kikosi cha mikuki hakiongezewi nguvu kwa kupakwa rangi, na kwamba tukisimama leo huenda tusirudi tena mezani. Naomba wenye uzoefu mnieleze: je, vijisanamu vinabadilisha mchezo wenyewe, au vinabadilisha sura yake tu? Na kama vinabadilisha mchezo, mtu aanzie wapi bila kukwama njiani?

MzeeWaRamani

Ndugu Mpangaji, mwambie mwenzako kwamba mchezo huu ulizaliwa bila vijisanamu, na waliouzaa walikuwa watu waliouchukulia kwa uzito mkubwa. Mwaka 1780 Johann Christian Ludwig Hellwig wa Brunswick alitoa mchezo wa vita uliojengwa juu ya msingi wa sataranji, wenye miraba iliyotofautishwa kwa rangi kulingana na aina ya ardhi. Baadaye, huko Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, Georg Leopold von Reisswitz aliutengenezea ukoo wa kifalme mchezo wake mwaka 1812, na mwanawe, ambaye alikuwa afisa wa jeshi, akauboresha na kuuchapisha mwaka 1824. Huyo mwana aliiacha miraba kabisa. Alitumia ramani za uwiano wa 1:8000, vipande vidogo vya madini ya risasi vilivyopakwa rangi nyekundu kwa upande mmoja wa vita na buluu kwa upande wa pili, dadu za kuamua madhara ya mashambulizi, na mwamuzi ambaye aliweka juu ya ramani kile tu ambacho maafisa wa kila upande wangeweza kukiona. Hapakuwa na uso wa askari hata mmoja, na bado mchezo huo ulitumika kuwafundisha maafisa wa jeshi la Prussia kwa miaka mingi. Vipande vyenu vya kadibodi ni wajukuu halali wa vile vya risasi.

Vijisanamu vilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain nchini Uingereza ilianza kutengeneza askari wa risasi walio wazi ndani, na kwa kuwa walitumia madini kidogo, walikuwa wepesi na wa bei nafuu kuliko wale waliojaa. Askari wa namna hiyo ndio mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliowapanga sakafuni alipoandika kanuni zake katika kitabu cha Little Wars cha mwaka 1913. Askari wa miguu walisogea futi 1 kwa zamu, wapanda farasi futi 2, na mizinga ilikuwa mizinga kweli, yenye springi, iliyorusha vijiti. Hakukuwa na dadu ya kuamua nani amekufa kwa mzinga: aliyepigwa akaanguka, ameanguka.

Nawaomba muitazame tofauti hiyo kwa makini, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la swali lako la kwanza. Katika mchezo wa Prussia kipande kilikuwa alama, taarifa iliyomfikia kamanda aliye mbali, tena wakati mwingine taarifa pungufu. Katika mchezo wa Wells kijisanamu kilikuwa ndicho shabaha yenyewe, na kimo chake, upana wake na mahali kilipojificha nyuma ya ukuta viliamua kama kitasalimika. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, vijisanamu hubadilisha mchezo pale tu kanuni zinapoviuliza jambo. Kanuni mnazozitumia zinapima vitako, yaani vibao ambavyo askari husimama juu yake, haziulizi askari ana urefu gani. Kwenu ninyi kadibodi inatosha, na kusimamisha mchezo kwa ajili ya rangi kungekuwa kosa.

FundiBrashi

Mzee wa Ramani, shikamoo. Historia uliyoieleza naikubali yote, ila hitimisho lako naomba nilipinge kwa heshima, kwa sababu umeangalia kanuni zinauliza nini ukasahau jicho la mchezaji linaona nini.

Ndugu Mpangaji, jaribu jambo hili leo. Keti upande wa mwenzako na uangalie vikosi vyako kutoka pale alipo. Maandishi yote yamepinduka kichwa chini. Ili ajue kipi ni mikuki na kipi ni mishale, anapaswa kusoma neno moja moja, na jeshi zima halimwingii machoni kwa pamoja. Jambo la pili ni kubwa zaidi: kipande cha kadibodi hakina uso. Kanuni zenu zinajali sana kikosi kimeelekea wapi, maana kikosi kilichoshambuliwa ubavuni huku kikibanwa mbele, kikishindwa, hakina pa kurudi nyuma na huangamia. Bila shaka mmechora mishale midogo ya kuonyesha mbele, na bila shaka mmeshabishana kuhusu kipande kilichogeuzwa kwa bahati mbaya kiwiko kilipokigusa. Wenye mikuki wanne waliosimama bega kwa bega, ngao mbele, hawahitaji mshale. Ukitupa jicho mara moja kutoka upande wowote wa meza, unajua wanamwangalia nani na wamempa nani mgongo. Hapo rangi inafanya kazi ya kanuni, si ya pambo.

Kuhusu pa kuanzia, upana wa sentimita 4 mliouchagua ndio upana wa kitako kwa vijisanamu vya milimita 15, na huo ni ukubwa mwema kwa anayeanza. Kikosi cha mikuki huhitaji watu 4 juu ya kitako kimoja, wapanda farasi 3, na wapanda farasi wepesi 2. Jeshi zima la vikosi 12 kwa kawaida halivuki vijisanamu 48, na mara nyingi ni pungufu ya hapo.

Vioshe kwanza kwa maji ya sabuni, maana mara nyingi hubaki na mafuta ya kwenye kalibu yanayoizuia rangi kushika, kisha kwangua kwa kisu ule mshono mwembamba unaobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Paka rangi ya msingi tabaka jembamba. Halafu panga wenye mikuki wote wa jeshi lako mstari mmoja na uwapake rangi moja kwa wote kabla ya kugusa rangi ya pili: ngozi kwa wote, kisha nguo kwa wote, kisha mbao za mikuki. Anayemmaliza mmoja mmoja huchoka kabla ya kufika wa kumi.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuichukua rangi kama ilivyotoka kwenye kichupa. Nilipaka koti la mpanda farasi mara mbili, na ilipokauka nikakuta mikunjo yote imejaa, vidole vya mkono ulioshika hatamu vimeungana vikawa donge, na uso umekuwa laini kama yai. Rangi ya akriliki ichanganye na maji mpaka iwe kama maziwa, upake matabaka mawili mepesi badala ya moja zito. Kisha mimina juu yake rangi ya kahawia iliyo nyepesi sana. Itateremka yenyewe na kutuama kwenye mikunjo, chini ya kidevu, pembezoni mwa ngao, na papo hapo utaona umbo likijitokeza. Mwisho chovya brashi kwenye rangi ya mwanga, uifute kwenye kitambaa hadi ikaribie kukauka, kisha uipitishe juu juu ili ishike kwenye kingo tu. Macho usiyapake. Kwa kimo cha milimita 15, kivuli chini ya paji la uso kinatosha, na aliye ng'ambo ya meza ataona uso kamili.

Na tafadhali, kama vijisanamu vyako ni vya risasi, usiilambe brashi kuichongoa ncha, na unawe mikono ukimaliza. Vya rezini visugulie ndani ya maji ili vumbi lake lisipande hewani.

Dadu_Moja

Nimewasoma wote wawili, nami nasimama karibu zaidi na Mzee wa Ramani, ingawa hoja ya FundiBrashi kuhusu uso wa kikosi siwezi kuikanusha.

Nataka kuongeza upande ambao wapenzi wa rangi huusahau: vijisanamu huleta ugomvi wake. Niliwahi kucheza kanuni nyingine, zile zinazotaka mchezaji ainamishe kichwa mpaka usawa wa meza ili ahakikishe kama askari wake anamwona adui. Mpanda farasi wangu alikuwa nyuma ya ukuta, amefichika kabisa isipokuwa ncha ya mkuki wake, iliyozidi ukuta kwa upana wa ukucha. Mpinzani alidai anamwona, mimi nikadai mkuki si mtu, na tulipoteza karibu nusu saa juu ya kipande cha waya ambacho mtengenezaji alikiweka kwa ajili ya uzuri tu. Kipande cha kadibodi hakijawahi kunifanyia hivyo. Ndiyo maana nazipenda kanuni zinazopima kitako na kukiacha kilichosimama juu yake kiwe picha.

Vilevile, kabla hamjahamia kwenye vijisanamu, hakikisheni mnapima mwendo sawasawa. Wengi huweka utepe kwenye ukingo wa mbele wa kikosi, wakahesabu, kisha wakaweka ukingo wa nyuma pale kipimo kilipoishia. Kwa kufanya hivyo kikosi kimejiongezea kina chote cha kitako chake, na katika meza ndogo kama yenu, ambako vikosi 4 vikianguka pambano linaweza kuwa limekwisha, ziada hiyo inatosha kugeuza mshindi. Mbele kwa mbele, daima.

Sasa nije kwenye mgogoro wenu wenyewe. Nadhani mnabishana kana kwamba kuna mlango mmoja wa kuchagua. Vipande vyenu tayari vina upana sahihi wa kitako. Basi bandikeni vijisanamu juu ya vipande hivyohivyo, kikosi kimoja baada ya kingine, na kila kikosi kinachokamilika kiingie mezani pambano linalofuata kikiwa bega kwa bega na ndugu zake wa kadibodi. Jeshi litabadilika mbele ya macho yenu na hamtakosa hata mchezo mmoja. Anzeni na kikosi cha jemadari, kwa kuwa hicho ndicho mnachokitafuta kwa macho kila zamu.

FundiBrashi

Ushauri wa Dadu_Moja ni bora kuliko wangu, ila kuna tahadhari moja. Kadibodi nyembamba ikipakwa gundi ya maji upande mmoja tu hujikunja inapokauka, na wenye mikuki wako watabaki wamesimama juu ya kitu kama kigae. Gundisha kwanza kipande chako cha zamani juu ya kadibodi nene au plastiki, ukikandamize chini ya kitabu kizito usiku kucha, ndipo ubandike vijisanamu na kunyunyiza mchanga. Vanishi ya kupuliza usiitumie siku yenye unyevu mwingi. Inaweza kuacha ukungu mweupe juu ya kazi yako yote.

Mpangaji

Nawashukuru nyote. Nilimsomea mwenzangu majibu haya, na nilipofika kwenye ile sehemu ya kiwiko alicheka kwa sauti, kwa kuwa hilo lilitutokea wiki mbili zilizopita na lilimgharimu jemadari wake. Nilikwenda kuketi upande wake kama nilivyoshauriwa, na ni kweli, vikosi vyangu vilionekana kama karatasi zilizomwagika.

Tumekubaliana kuendelea kucheza. Kila mmoja atakamilisha kikosi kimoja kwa wakati wake, na hakuna kumngoja mwenzake. Kuhusu mbele kwa mbele, nakiri kwamba tumekuwa tukipima vibaya tangu siku ya kwanza, na sasa naelewa kwa nini wapanda farasi wangu walikuwa wakifika mapema kiasi kile.

Jana usiku nimemaliza wapanda farasi watatu wa jemadari. Koti lao ni jekundu, na neno «jemadari» nililoliandika kwa kalamu katika mwezi wetu wa kwanza wa kucheza bado linaonekana kidogo chini ya mchanga, karibu na kwato za farasi wa katikati, nimeamua nisilifunike. Jumamosi watatangulia mezani na vikosi 11 vya kadibodi nyuma yao.