Ushauri: AMD au Intel kwa kuhariri video za harusi? Au nisubiri kizazi kijacho?

Mpiga Harusi
Wakuu, salaam. Nahariri video za harusi na sendofu hapa Dar. Kompyuta yangu ya mezani ni Core i5 ya kizazi cha 6, na klipu za 4K za kamera mpya zinagandaganda humo balaa. Nimetenga milioni tatu. Kila nikitaka kununua nakutana na habari za prosesa za kizazi kijacho, Zen 6 ya AMD na Nova Lake ya Intel. Nisubiri? Na nikinunua sasa, nishike upande gani?

Bodi na Pini
Usisubiri mkuu. Ukimsubiri AMD, Intel naye atatangaza chake, utazeekea hapo. Mimi huangalia soketi kwanza, yaani tundu la prosesa kwenye mazabodi. AM5, soketi ya AMD, ilitoka 2022 na AMD wameahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Anza na prosesa yao ya Ryzen 5 7600, baadaye unachomoa prosesa tu, mazabodi inabaki. Kwenye AM4, soketi yao ya kabla, walitimiza: kuna watu wana bodi za 2017, wakasasisha BIOS (programu ya kuwashia bodi) wakachomeka prosesa ya 5800X3D ya 2022. Soketi ya Intel, LGA1700, ilibeba prosesa za kizazi cha 12 hadi 14, mwaka 2024 wakaleta LGA1851. Bodi mpya tena!

Dada Renda
Huo ni ushauri wa wacheza gemu. Mwenzenu anahariri. Mpiga Harusi, fungua klipu moja kwa programu ya MediaInfo, utuambie mstari wa Chroma subsampling (jinsi kamera ilivyobana rangi) umeandikwaje.

Mpiga Harusi
4:2:2, biti 10. Ni H.265.

Dada Renda
Basi ugonjwa wako ni huo. Quick Sync, ile sehemu ya video ndani ya grafiki ya Intel, inazifungua faili hizo tangu kizazi cha 11. Grafiki ya ndani ya Ryzen haiziwezi, mzigo wote unaangukia koa (cores) za prosesa. Chukua i5-12500 au 12600K: UHD 770 yake ina injini mbili za video, 12400 ina moja. Ila usiguse yenye F mwishoni, haina grafiki kabisa.

Bodi na Pini
Hapo umenishika dada. Ingawa Ryzen ukiipa kadi ya grafiki ya RTX 5060 nayo inafungua 4:2:2.

Dada Renda
Kweli, ila piga hesabu ya kadi, bodi na RAM mpya za DDR5. Bei ya RAM imepaa tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vimegeukia seva za AI. Kama i5 yake ya zamani inatumia DDR4, anunue bodi ya LGA1700 ya DDR4 ahamishie RAM zake.

Kijana wa Mbagala
Si ndizo Intel zilizokuwa zinakufa?

Dada Renda
Za kizazi cha 13 na 14, kwa sababu ya volti. Intel walitoa sasisho la maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 2024 na kuongeza dhamana miaka miwili, lakini iliyokwisha kuharibika haiponi. Ndiyo maana za mtumba za vizazi hivyo siziamini. Cha 12 hakimo.

Mpiga Harusi
RAM ni DDR4, 16GB. Naenda na 12600K, chenji inayobaki naongeza RAM.

Bodi na Pini
Sawa. Kabla hujalipa, waambie waiwashe uingie BIOS, usome jina la prosesa mpaka herufi ya mwisho. Kuna maduka boksi linasema 12600K, ndani wamekuwekea 12400F.