Riwaya za vijana zenye mambo mazito: niziweke rafuni?

Mwalimu wa Maktaba: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Ninasimamia maktaba ya shule ya sekondari ya bweni, kidato cha kwanza hadi cha sita, na tumepokea maboksi ya riwaya za vijana kutoka kwa wafadhili. Baadhi zinasimulia mimba za utotoni, ubakaji na kujiua waziwazi. Kijana wa miaka 18 atafaidika nazo, lakini rafu hiyo hiyo inafikiwa na mtoto wa miaka 13. Mkuu wa shule ameniachia uamuzi, nami sipendi kuzifungia stoo kwa woga tu.

Mstaafu wa Chaki: Mwalimu, tukumbuke *Rosa Mistika*, riwaya ya Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku, kisha miaka ya baadaye ikasomeshwa shuleni. Aliyeisoma hadi mwisho anajua kwamba inayashitaki pia malezi ya ukali yaliyomnyima binti nafasi ya kuuliza. Zisome zote kabla ya kuamua, maana jalada halikuambii kama mwandishi anaonyesha matokeo ya tendo au analipamba tu.

Mama wa Kidato cha Pili: Shikamoo mzee wangu. Nakubali, ila binti yangu akikutana na kisa cha ubakaji usiku bwenini, nani atazungumza naye? Siombi vitabu vitupwe. Naomba wazazi tuarifiwe na mwalimu wa malezi avijue.

Mkutubi: Mama ana hoja. Mwalimu, anza na orodha ya vitabu 16 ambavyo Wizara ya Elimu ya Tanzania ilivipiga marufuku shuleni Februari 2023. Vinavyopita, vibandike stika ya rangi mgongoni, uviweke nyuma ya meza ya kuazimia, na uviandike kwenye daftari kama vingine. Usimuulize mwanafunzi kwa nini anakitaka kitabu, kwani swali hilo litamfukuza yule hasa anayekihitaji.

Mwalimu wa Maktaba: Nawashukuru sana. Mpaka wa kuviazima niuweke kuanzia kidato cha tatu au cha tano?

Mkutubi: Cha tatu. Hata hivyo, tangu waraka wa Wizara wa mwaka 2021 uliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, huenda unao hata wa kidato cha pili ambao tayari wameyapitia yaliyoandikwa humo. Hao waazimishwe kimya kimya kupitia mwalimu wa malezi.